Jiwe Kwenye Chujio la Chai

3 Machi

Mama, shikamoo. Mimi mzima, sijui nyinyi huko. Kazi ni ileile, kuendesha kreni juu ya ghorofa ya ishirini. Kushuka tu kwenda chooni ni nusu saa, na msimamizi akikuona chini ananuna kama kafiwa, kwa hiyo maji sinywi mpaka jioni. Mgongo unanisumbua upande wa kushoto. Ni kiti tu, usihangaike.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, marahaba. Sisi wazima... hapana, leo sidanganyi. Naumwa figo tangu mwaka juzi. Nilikuficha, maana aliye mbali hapelekewi ugonjwa, ndivyo tulivyolelewa. Ni mawe, na daktari alitaka jiwe lenyewe ajue ni la aina gani, nikawa nakojolea kwenye chujio la chai. Dada yako hanywi tena chai kwangu. Nilidhani ni jiwe la kalsiamu, ndilo la watu wengi. Yapo pia mawe ya asidi ya yuriki, ya walaji nyama, na ya maambukizi ya mkojo. Langu ni la kemikali iitwayo sistini, adimu, la kurithi. Dada yako kapimwa, yuko salama. Bado wewe. Huo mgongo si kiti. Shuka, unywe maji, ukapimwe leo.

Mama yako

11 Aprili

Mwanangu, hujambo? Wiki tatu kimya. Nakaa nasimama, nasimama nakaa. Jana nilishona shati la mteja, mkono wa kulia nikauweka kushoto. Nakukasirikia, halafu najikasirikia mwenyewe. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Mama yako

2 Mei

Mama, shikamoo. Barua yako niliipata, nikasema nitakwenda kupimwa Jumamosi, tukimaliza kumwaga zege. Alhamisi maumivu yakanibana hukohuko juu, nikatapika ndani ya kofia ya kazi. Wenzangu wakanishusha kwa kamba, wakanikimbiza hospitali. Ni jiwe la sistini, kama lako. Figo ya kushoto ilishakufa, wameitoa.

Kuna jambo sikukuambia. Mwaka jana nilikojoa damu, nikaenda kwa daktari wa kampuni. Aliniuliza kama kwetu kuna mwenye mawe ya figo. Nikajibu kwa kujivuna kwamba kwetu wote wazima. Akanipa vidonge vya maumivu, nikarudi juu.

Sikulaumu, Mama. Tulifichana wote wawili. Lakini nimebaki na figo moja, kwa hiyo hata ukiumwa jino, niambie.

Mwanao