Kale Kadogo Shingoni

Hewa Bora, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Magoti yako yanasemaje siku hizi za mvua? Mjomba alipokuja na treni kutoka Kongolo alisema bado unakwenda shambani peke yako, nami nikanuna siku nzima. Huku tunapumua. Ilunga anafanya zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha shaba, na wajukuu zako wanakula kama nzige.

Mjomba alinifikishia neno lako kwamba mtu asinichome sindano shingoni mpaka uje. Mama, nimechomwa. Nakuambia mapema ili usisikilize kwa wasiwasi.

Unalijua rovu langu, uvimbe huu wa shingo upande wa kulia. Mjomba alilichanja kwa wembe, akalipaka dawa uliyotuma. Halikupungua, basi nikaenda hospitali, ambako siku hizi kuna mashine ya ekografi. Docteur anakupaka mafuta baridi, anapitisha chombo shingoni, na yaliyo ndani yanaonekana kwenye televisheni ndogo. Kwenye rovu alipita haraka. Akahamia kushoto, akakaa sana mahali ambapo mimi mwenyewe sikujua kama kuna kitu.

Ilunga, nawe unaujua mdomo wa mkwe wako, akadhani docteur ameliruka rovu kwa kuogopa dawa ya Mjomba.

« Docteur, usiogope ile dawa. Njo hii kubwa inatusumbua. Unaacha kubwa, unafwata kale kadogo? »

Docteur alicheka mpaka akaweka chombo chini.

« Papa, ukubwa haiko neno. Hii kubwa iko na mayi tu ndani, tutaiangalia pole pole. Kale kadogo kako nguvu kama jiwe, mipaka yake haiko muzuri, na kako na tudoa tweupe. Njo kale tutachoma. »

Sindano ni nyembamba. Inavuta majimaji kidogo, nao wanayatazama kwa mikroskopi. Niliuma kitambaa changu, ikaisha. Kilichoniumiza ni kungoja majibu. Wiki mbili hizo nilisonga ugali wa bukari ukabaki mbichi mara mbili, na Ilunga akaula wote mpaka sahani ikabaki tupu. Nilimpenda sana siku hizo.

Majibu yamekuja. Rovu ni maji. Kale kadogo ni kansa. Docteur anasema tumeiona mapema, na wengi wenye ya namna hii hupona wakipasuliwa. Lakini naogopa, Mama. Naogopa kisu, na zaidi naogopa sauti, maana alinieleza kwamba mshipa wa sauti unapita karibu pale pale.

Ilunga aliposikia alisema: « Mwanamuke hapasuliwe bila ruhusa ya kwabo. Andikia mama, tungoje. » Ana haki, ndiyo desturi yetu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ulitulea hivyo. Nimefikiri siku tatu. Barua ni wiki nzima, jibu lako wiki nyingine, na hapo injini ya treni isife njiani Kamina. Docteur hataki tuchelewe. Nimesaini mwenyewe. Wananipasua Jumanne hii.

Usimkasirikie Ilunga. Alikataa hata kunipa kalamu, nikaazima ya muuguzi.

Nisalimie Yaya Mwamba, dada yangu, mwambie kitenge chake kiko tayari. Msalimie shangazi mkunga, na Mjomba pia, asihuzunike kwa ajili ya dawa yake. Mzee katekista aliyenifundisha kuandika umwombe anikumbuke kwenye sala.

Utakapokuwa unasomewa haya, itakuwa imekwisha. Kama umenisamehe, usihangaike na barua. Jumapili ya tatu kuanzia leo, baada ya misa, nenda misheni, waombe wakufungulie phonie, ile redio ya kuitana mbali. Mimi nitakuwa kwenye ile ya parokia yetu hapa. Niite jina langu. Nikiwa na sauti nitakuitikia. Nikiwa sina, Ilunga ataitikia kwa niaba yangu, na wewe endelea tu kusema, Mama, nitakuwa nimekaa pale nakusikia.

Mtoto wako asiyesikia la mkuu,
Ngoie