Kizibo cha Upande wa Pili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Harcote, Staffordshire
Jumatatu, 17 Februari 2025

Jina: Hilary Wardle
Umri: Miaka 66
Kazi: Kuuza makaa ya mawe, gesi na dizeli kwa wakazi wa mferejini
Makazi: Ndani ya boti yangu, Bessie. Sina mahali pamoja pa kudumu.

Nimekuja hapa kwa hiari yangu. Nina desturi ya kuandika shajara kila jioni, kwa hiyo tarehe na saa ninazozitaja nina hakika nazo.

Ndugu wawili, Gordon na Alwyn Tunnicliffe, ni wateja wangu wa siku nyingi. Gordon ndiye mkubwa. Wanaishi pamoja katika boti Marigold. Hawajaoa wala hawana mtu mwingine.

Mnamo tarehe 15 Februari, saa tatu na robo asubuhi, niliwasili upande wa chini wa chumba cha maji cha Harcote, kile cha kupandishia na kushushia boti, nikitaka kupanda. Niliwakuta wao juu wanataka kushuka. Kwetu anayengoja humsaidia anayepita, kwa hiyo niliifunga boti yangu, nikachukua hendeli yangu ya chuma ya kufungulia vizibo vya maji nikapanda hadi kwao. Marigold ilikuwa imeshaingia chumbani na milango ya juu imefungwa nyuma yake.

Gordon alikuwa kwenye usukani. Aliniambia, "Hilary, yale makaa ya juzi uliniuzia makaa au kokoto? Hayawaki!"

Alwyn akamjibu kutoka kwenye milango ya chini ya chumba, "Yangewaka kama usingeyamwagia chai."

"Wewe fungua vizibo, tena polepole. Una pupa kama kuku."

"Ongoza boti, Kaka, vizibo niachie. Ipo siku nitakuzamisha wewe na birika lako."

"Ili urithi nini?"

"Soksi zako. Nitazizika mwenyewe."

Sote watatu tulicheka. Darajani alikuwepo bwana mmoja na mbwa wake. Nimeelezwa kwamba aliyasikia maneno ya kuzamishana. Ni kweli yalisemwa. Yamekuwa yakisemwa tangu niwajue.

Milango ya chini ina vizibo viwili vya kuinua ili maji yatoke, kimoja kila upande. Alwyn alifungua cha upande wa njia ya miguu. Mimi nilivuka juu ya mlango nikafungua cha upande wa pili. Maji yakaanza kutoka. Yanapotoka huivuta boti iliyofungwa chini, na yangu ilikuwa na mitungi ya gesi. Nilivuka tena kurudi upande wa njia ili nikaitazame kamba. Mtu aliyefungua kizibo hatakiwi kukiacha. Mimi nilikiacha.

Wakati huo nilisikia birika likilia ndani ya Marigold. Gordon akaachia usukani akaingia kulitoa jikoni. Boti isiposhikwa hurudi nyuma taratibu. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha mawe kilichojitokeza ndani ya chumba. Marigold ilirudi, nyuma yake ikakaa juu ya kizingiti, na maji yakaendelea kushuka. Mbele ikazidi kuinama. Nilisikia vyombo vikianguka, kisha nikaona maji yakiingia kwa mlango wa mbele.

Alwyn alipiga kelele, "Kaka! Toka! Toka nje!" Gordon aliita mara moja kwa jina la Alwyn. Hakuita tena.

Alwyn aliteremsha kizibo chake papo hapo, akaniambia, "Hilary, na chako!" Kisha alikimbia kwenda kwenye milango ya juu. Bwana wa darajani ameeleza kwamba alimkimbia ndugu yake. Hakumkimbia. Boti ikikwama hivyo, dawa yake ni kukijaza chumba tena ili iinuke, na maji ya kujaza yanatoka juu. Lakini ni lazima vizibo vyote viwili vya chini vifungwe kwanza. Kimoja kikiwa wazi, maji hayapandi, na yale yanayoingia huweza kuipindua boti iliyoinama. Kelele za maji hazimruhusu mtu kumsikia mwenzake, kwa hiyo aliye chini akimaliza huinua mkono.

Bwana huyo ameeleza pia kwamba Alwyn alifika juu akasimama na hendeli mkononi, hakufanya lolote, huku boti ikijaa. Hilo ni kweli. Alisimama.

Mimi nilikuwa navuka. Ubao wa juu ya mlango ulikuwa na barafu, na goti langu la kushoto halikunjiki vizuri. Nilienda kwa kushika chuma, hatua kwa hatua. Nilipokifikia kizibo, kishikio cha meno, kile chuma kinachokizuia kisishuke, kilikuwa kimekwama. Nilikigonga kwa hendeli mara kadhaa ndipo kikaachia. Kila nilipoinua macho nilimwona Alwyn. Hakuwa akiitazama boti. Alikuwa akinitazama mimi.

Nikainua mkono. Akafungua kizibo cha juu hapo hapo, nusu tu, kama inavyotakiwa. Maji yalipanda, na boti ikajinasua kwa kishindo. Alwyn aliruka juu ya paa akaingia kwa nyuma. Nilimkuta amepiga magoti majini, ameshikilia kidevu cha Gordon kisizame. Aliniambia, "Hilary, zima gesi." Gari la wagonjwa likaja, kisha lenu.

Leo asubuhi Gordon alikuwa hajazinduka.

Konstebo Nuttall amenisomea alichosema Alwyn alipokamatwa na kuulizwa kwa nini alisimama. Alisema aliganda kwa woga. Hakunitaja. Hiyo si kweli, na yeye anajua si kweli. Alikuwa ananingoja mimi. Muda wote aliosimama ni muda wangu. Kama mnamtafuta mwenye muda huo, andikeni jina langu.

Nimesomewa niliyoyaeleza, nami nayakubali kuwa ndiyo niliyoyaona na kuyatenda.

Sahihi: H. Wardle

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami saa tano na nusu asubuhi. Shahidi aliombwa apumzike mara mbili, akakataa. Ameuliza kama Alwyn Tunnicliffe ataruhusiwa kwenda hospitali leo. Nimemwambia nitapeleka ombi hilo kwa mkuu wa kituo pamoja na maelezo haya. Ameacha jozi moja ya soksi kavu ili Alwyn apelekewe mahabusu. Zimekaguliwa na kupelekwa.

Konstebo D. Nuttall