Karatasi Chini ya Injini

Tata,

Pikipiki yako imeacha kuvuja. Nakuambia hilo kwanza, maana nakujua: ungeuliza hilo kabla ya kuuliza kama tumekula.

Nimechoka, Tata, baba yangu. Kilio chako hakuna aliyekikaa. Ile treni tuliyoingoja majuma na majuma pale stesheni, chini ya maturubai, pamoja na wote waliofukuzwa, ilifika siku moja baada ya kukuzika. Wewe uliingoja mpaka kuhara kukakumaliza, yenyewe ikaja ukiwa umeshalala udongoni ng'ambo ya reli. Mama alipanda na wadogo zangu, miguu yake bado ina vumbi la kaburi. Wanapelekwa Kasai, kwetu. Ndivyo walivyosema wale vijana waliovunja mlango wetu: rudini kwenu. Kwetu gani? Wewe ulizaliwa hapa Kolwezi, na mimi nimezaliwa hapa. Mama alinishika mkono dirishani akasema, "Weye ubakie na bwana yako. Usinililie, mi nitafika." Mpaka leo sijasikia kama alifika.

Mimi nilibaki kwa kuwa mume wangu Kayombo ni Mlunda, mwenyeji wa Kasaji, na mke wa Mlunda, walisema, ni mali ya Mlunda. Basi nikaokoka hivyo, nikahesabiwa pamoja na sufuria zake.

Katika nyumba yako ya kambi ya mgodi wamo watu wengine. Wameng'oa ile meza yako ya kazi barazani wakaifanya kuni, sijui wamepikia nini. Gereji ya mgodi uliyoitumikia imefungwa, na nyasi zinaota mlangoni. Mgodi wenyewe umesimama. Kayombo hana kazi, anaenda Mutoshi kuchimbachimba madini na wenzake, anarudi na koleo begani na maneno machache. Kwa hiyo tunahama. Tunakwenda Kasaji kwa wazazi wake, tukalime mihogo. Huko mwenye pikipiki anawapelekea wenzake mihogo mpaka soko la stesheni, naye anakula. Asiye nayo anabeba kichwani.

Nawe ulinikabidhi pikipiki yako ukiwa umelala kwenye turubai, huwezi hata kuinua kikombe. Ulisema tu, "Usiiache." Hukusema imeharibika, wala mimi sikujua. Tulikuwa tumeificha kwenye kibanda cha kuku cha jirani, chini ya magunia, tangu watu walipoanza kunyang'anywa vitu. Tulipoitoa na kuiwasha, mafuta ya injini yakatoka pale kwenye bati la kulia linaloifunika, yakashuka mpaka kwenye kiatu cha Kayombo. Alizunguka nayo mtaa mmoja akarudi, akaipima: mafuta yamepungua sana. Kwenda nayo Kasaji hivyo ni kuiua njiani. Akaniambia, "Ikivuya mpaka dimanche, tunaiuzisha bipande." Kuiuza vipuri ifikapo Jumapili, hakusema hilo kwa ubaya. Naye amechoka.

Alianza yeye. Alipaka sabuni pembeni mwa bati, kama wanavyofanya wote hapa, halafu akachukua ufunguo wa bolti akakaza. Akakaza tena, mpaka nikasikia bolti inalia. Nikamshika mkono. Nilikusikia wewe kabisa, ule usemi wako wa kila siku kwangu, "Usikaze bule, mama. Alumini inachoka." Akaniachia ufunguo akaenda kuketi.

Nikafungua bati. Nikakwangua ile karatasi ya zamani inayokaa kati ya bati na injini, nikasafisha kwa petroli, nikakata mpya kwa nyundo kama ulivyonionyesha, si kwa mkasi. Nililaza gamba la kalenda juu ya bati, nikagonga ukingoni polepole na ule upande wa mviringo, tok tok tok, mpaka karatasi ikajikata yenyewe. Ilikaa vizuri mno. Ungenisifu, au ungenyamaza, jambo ambalo kwako ni sifa.

Ikavuja. Nikakata nyingine, nene zaidi. Ikavuja, na sasa mafuta yakatokea pia kwenye mhimili wa gia, mahali ambapo awali palikuwa pakavu. Nikakaa chini nikalia, Tata. Kayombo alifikiri nalilia pikipiki. Nilikuwa nimekukasirikia. Umekwenda na kila kitu kichwani, umeniachia mashine inayotoa machozi meusi na neno moja, usiiache. Niiachaje, nami sijui inaumwa nini?

Sijui kwa nini ndipo nilipomkumbuka Mama anakucheka. Unakumbuka? Mtu alikuletea pikipiki inayovuja, na wewe hata hukuangalia panapovuja. Ulipiga magoti, ukavuta ule mpira mwembamba unaotoka juu ya injini nyuma, ukautia mdomoni ukapuliza. Midomo ikawa nyeusi. Mama akasema toka jikoni, "Weye unapigaka busu kwa moteur kupita mi." Nawe, bila kugeuka: "Moteur inapumuaka sawa mutu. Ukiziba pua yake, mafuta itatafuta fasi ingine ya kutokea." Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa. Nilicheka kama Mama, na hayo ya pua ya injini niliyaacha yapite.

Nikapiga magoti. Nikautia ule mpira mdomoni nikapuliza. Hakuna. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Hakuna. Nikachukua sipoku ya baiskeli nikachokoa ndani, na ikatoka tope kavu, kipande baada ya kipande, na buibui wadogo waliokufa. Nyigu alikuwa amejenga kiota mle na kuwawekea watoto wake chakula, muda wote pikipiki ilipokuwa imefichwa. Walituita wadudu, Tata, walipokuwa wanatufukuza. Mdudu mwenyewe alikuwa kwenye mpira, anatunza watoto wake.

Kwa hiyo karatasi zangu zote mbili zilikuwa nzima. Ndilo linaloniuma na kunifurahisha pamoja. Injini ilikuwa imezibwa pumzi, nasi tukawa tunaikaza.

Nikakata karatasi ya tatu, nikafunga bolti kwa kupishanisha, bila nguvu. Ikawaka. Niliiacha ingurume mpaka ikapata moto, nikaizima, kisha nikafanya ule mtihani wako. Nilitafuta karatasi nyeupe safi nikailaza chini ya injini, na jiwe kila pembe, mpaka asubuhi. Uliwakasirisha wengi kwa karatasi hiyo. Siku moja mkuu wa idara alikuja jioni anataka pikipiki yake, ukamwambia itatoka kesho karatasi ikiwa kavu, na ikiwa na tone moja inabaki. Akapiga kelele. Ukamwambia, "Karatasi haiyuwe mukubwa." Kweli haikumjua.

Leo asubuhi nilitoka kabla Kayombo hajaamka. Sikuangalia mara moja. Nilifagia uwanja kwanza, nikawasha moto wa chai, kama mtu anayeogopa kufungua mlango wa mgonjwa. Halafu nikainama.

Ilikuwa kavu. Nilimwamsha Kayombo. Akaishika karatasi, akaigeuza huku na huku, akaiinua kwenye mwanga. Akasema, "Basi, tunaenda nayo." Akanisaidia kunawa mikono, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Kilio chako nadhani ni hiki nilichokaa, na mikono kwenye mafuta. Sina kingine. Wageni hawakuja, wala wimbo haukuimbwa. Waliokujua wako kwenye mabehewa au wako karibu nawe hapo udongoni.

Tunaondoka kesho. Kwenye njia ya kutoka mjini nitasimama kwako, nitaondoa majani, na barua hii nitaiweka chini ya jiwe lako. Nakuahidi mambo mawili. Hakuna pikipiki itakayotoka mikononi mwangu Kasaji kabla haijalala juu ya karatasi, hata iwe ya nani. Na Mama nitamtafuta, kila treni inayotoka upande ule nitaiuliza.

Lala sasa, Tata. Hukubahatika kupanda, basi pumzika.

Karatasi hii ninayokuandikia ndiyo ile iliyolala chini ya injini. Iangalie vizuri, kama ulivyozoea. Ukiona doa, ni la kidole changu.

Binti yako