Mkono wa Himidi

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba. Salamu zako bibi yako nimemfikishia. Ngazi za nyumba hii zimeshamshinda, kwa hiyo siku hizi tunalala chini, na mvua imeangusha chokaa ya ukumbini. Mengine ya kawaida.

Kile kidude cha kugongea Morse, zile herufi za mapigo mafupi na marefu, ulichonitumia nimekichomeka kwenye kompyuta, na ukurasa wa mazoezi ukafunguka kwenye kivinjari kama ulivyonielekeza. Unauliza imekuwaje ukurasa uandike ovyo ninapogonga mimi, niliyekuwa nikifanya kazi hiyo ya kupokea na kupeleka habari kwa mapigo bandarini.

Aliyeninyoosha katika kazi hiyo ni Himidi, mgongaji wa kituo cha Pemba, kupitia waya tu. Uso wake sikuwahi kuuona. Lakini kila mgongaji ana mkono wake, yaani namna yake ya kugonga, na yeye alikuwa akisita kidogo kabla ya pigo la mwisho la kila herufi. Kwa kumsikiliza kutwa, nami nikawa nasita vilevile. Asubuhi moja Pemba walinisalimu kwa mkono mwingine. Nikauliza. Wakanijibu kuwa wamemzika jana. Nikaendelea kupokea habari za meli.

Sasa ukurasa wako ukikuta kule kusita, unadhani herufi imekwisha, unaandika nyingine. Basi wiki nzima nimejizoeza kugonga bila kusita, na jana ukurasa ulisoma kila neno sawasawa. Najua utafurahi.

Ila nikigonga sasa, Himidi simsikii tena.

Mungu akuweke huko uliko.

Babu yako