Mabati ya Kuniona Nikianguka

Bunia, Alhamisi jioni. Leo mbingu zimeshinda bila wingu hata moja. Ni anga la mtu anayetaka kuruka kutoka kwenye ndege. Siku kadhaa sasa nimekuwa nikiamka na kuomba mvua, nami si mtu wa kuomba ovyo.

Sitaruka. Ruhusa imekataliwa asubuhi ya leo.

Nilidhani ningeandika habari hii kwa furaha. Nilipotoka katika ofisi ya uwanja wa ndege niliinama nikijifanya nafunga kamba za viatu, ili watu wasione raha niliyokuwa nayo. Raha hiyo ilidumu mpaka nilipofika mjini. Sasa nina uchungu mdomoni kama mtu aliyetafuna kwinini.

Nieleze tangu mwanzo, kwa wale wanaosoma hapa bila kunijua. Mimi ni karani katika shirika dogo linalosaidia watoto wa kambi ya waliokimbia vita vya Djugu. Naandika barua, natunza ufunguo wa kabati, naogopa. Naogopa pikipiki, naogopa ngazi isiyo na ukuta, naogopa sauti ya mlango unaopigwa kwa nguvu. Familia yetu ilivikimbia vita hivyo kutoka Bule kwa miguu, na tangu hapo mwili wangu haujawahi kukaa kitako sawasawa.

Wazo la kuruka halikuwa langu. Lilikuwa la Bram, Mzungu aliyewahi kufanya kazi hapa na ambaye kwao kuruka kwa parachuti ndio mchezo wake wa kila mwisho wa juma. Aliandika kwamba atakuja na vifaa vyake, atatafuta ndege ndogo, na ataruka juu ya Bunia akiwa amefungwa pamoja na mtu wa hapa. Watu wa mji wangeahidi mchango kwa shirika letu kwa sababu ya huyo mtu wa hapa. Akitua, wanatoa.

Mkutano wa kumchagua mtu ulifanyika nikiwa nimetumwa kutoa fotokopi. Niliporudi nilikuta wananipigia ban, yale makofi ya pamoja tunayompigia bwana harusi au mgeni wa heshima. Nilitabasamu kwa adabu kabla ya kujua ni kwa nini.

Mama Trésor, mhasibu wetu, ndiye aliyenifafanulia kwa nini si mwenyekiti wetu mwenye shinikizo la damu, wala yeye, bali mimi nisiye na mke.

“Président iko na tension. Mimi niko na batoto. Weye hauna bibi, hauna mutoto. Ikiharibika, siye tutalia kidogo, alafu basi.”

Wote walicheka, na mimi pia. Mtu wa aina yangu hucheka haraka, ili wengine wasione uso wake wa kweli.

Kilichonizuia kukataa ni paa. Darasa la kambini lina kuta za mbao na limefunikwa kwa turubai lililochanika. Mvua ikinyesha watoto husimama wote upande mmoja, wameshika madaftari chini ya nguo, na mwalimu anasubiri. Kwa muda mrefu nimezunguka madukani kuomba mabati. Nilivaa shati safi, nikabeba picha za darasa, nikasema kwa upole. Wenye maduka waliniambia nirudi Jumatatu. Kila Jumatatu waliniambia nirudi Jumatatu.

Kisha habari ikaenea kwamba yule karani mwoga ataanguka kutoka mbinguni.

Milango ikafunguka yenyewe. Mwenye duka la mbao akaahidi mbao, fundi akaahidi misumari na siku za kazi. Papa Kambale, aliyetoka Butembo zamani na ambaye duka lake la vifaa vya ujenzi ndilo kubwa kuliko yote katika barabara ile, akaahidi mabati yote ya paa, mbele ya wateja wake, huku ameniwekea mkono begani. Alinipima kwa macho kama mbuzi wa sikukuu.

“Lakini ukilia kule juu,” alisema, “bati moja-moja inapunguka.”

Vijana wa pikipiki, ambazo hapa tunaziita moto, wakanipa jina. Nikipita, mmoja anaita, “Parachuti, umeandika testament?” na mwingine anajibu kwa niaba yangu kwamba wasia wa nini, sina cha kumwachia mtu. Nilivumilia. Nilikuwa nimefanya hesabu moja tu kichwani: woga wangu, ambao haujawahi kunifaa kwa lolote, sasa una thamani ya paa.

Basi nikaandaa kila kitu. Niliandika barua, nikazipeleka, nikazifuata. Nilitafuta uwanja wa kutua, nikaupata karibu na kambi, ili watoto waone. Bram alilipenda sana hilo. Sote tulilipenda.

Leo afisa wa uwanja wa ndege alinikaribisha kiti, jambo ambalo maafisa hawalifanyi wakiwa na habari njema. Alianza kwa Kifaransa cha ofisi, kisha akachoka nacho.

“Petit, mutu anatoka mbinguni, mu Bunia hii? Askari atapiga kwanza. Alafu ndiyo ataniuliza alikuwa nani.”

Akaongeza kwamba watu wa kambi wakiona parachuti juu ya vichwa vyao watakimbia, na wakikimbia mji mzima utakimbia.

Ni kweli tupu. Ndege ikipita chini kidogo, watoto wa darasa lile huingia chini ya mabenchi bila mtu kuwaambia. Nimewaona kwa macho yangu. Hata hivyo sisi, shirika lao, tulikuwa tumepanga kuwaangushia mtu kutoka angani kama zawadi, na aliyelikumbuka hilo ni afisa ambaye pengine hajawahi kuingia katika kambi yao.

Bram nilimwandikia. Alijibu kwa masikitiko ya kweli kwamba labda mwaka mwingine.

Nikaenda kwa walioahidi. Niliamini, na naona haya kuandika hivi, kwamba wangesema: si kosa lako kijana, paa ni paa. Mwenye mbao aliuliza swali moja tu, “Umeruka?” Nikasema hapana. Akarudi kwenye simu yake. Fundi alisema kwamba misumari peke yake haina kazi.

Papa Kambale alinisikiliza mpaka mwisho, mbele ya wateja, kama kawaida yake.

“Sasa Parachuti, weye unatafutia kifo mu ndege ya nini?” alisema. “Kifo iko karibu, na haiombe ruhusa. Panda moto asubuhi, fika Nizi, rudi. Ukirudi, bati zote nitatoa. Neno langu ni moja.”

Duka zima lilicheka. Mteja mmoja alicheka mpaka akashika meza. Kila mtu Bunia anajua barabara ya Nizi, anajua wenye bunduki wanaosimamisha watu pale, anajua majina ya waliokwenda bila kurudi.

Nilicheka pamoja nao.

Nyumbani nilimkuta mama mdogo Veronika, mdogo wake mama, amekaa mlangoni ananisubiri. Yeye anaishi kambini, na wajukuu wake wawili wanasoma chini ya turubai lile. Miguu yake ilikuwa myekundu kwa udongo mpaka magotini, na kapu la muhogo lilikuwa pembeni yake. Alikuwa ametutengea fungu letu, kama anavyofanya kila anaporudi shambani.

Shamba lake liko ng’ambo ya Nizi.

Huenda na wanawake wenzake mambo yakitulia kidogo, na huenda pia yasipotulia, kwa sababu chakula cha kambi hakifiki mwisho wa mwezi. Alikuwa ametoka huko leo hii. Nililijua jambo hilo, nimekula muhogo ule miaka yote, na bado pale dukani nilicheka kama vile barabara ya Nizi ni hadithi.

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akikwangua udongo kwa kipande cha kijiti.

“Kumbe batu ya Bunia wanalipa juu ya kuona mutu anaogopa,” alisema. “Wangekuja barabarani. Kule tunaogopa bure.”

Hakusema kwa hasira. Mimi ndiye niliyeshikwa na hasira, na haijanitoka. Hakuna aliyemwandalia bango. Hakuna aliyempigia ban alipotokea pale kwenye kona na kapu kichwani. Mimi ningepanda mbinguni nikiwa nimefungwa kwa kamba za Ulaya, nishuke na kuitwa shujaa. Yeye amekwenda na kurudi, na tuzo yake ni muhogo.

Kesho asubuhi anauza sokoni, hatua chache kutoka duka la Papa Kambale. Nimemwomba apite nami kwanza, na miguu hiyo hiyo, na kapu hilo hilo. Yule mzee alisema mtu afike Nizi, arudi. Wateja walisikia. Huyu amefika, amerudi.

Mama mdogo amekubali kwa utani. “Nitaenda. Lakini bati sibebe mimi.”

Nimewaza jinsi nitakavyosema. Nimeyarudia maneno mpaka yamepoteza ladha. Kumbe kuruka na Bram kungekuwa kazi rahisi: unafungwa kifuani kwa mtu anayejua, naye ndiye anayevuta kamba, wewe unafumba macho tu. Mbele ya Papa Kambale hakuna wa kufungwa naye. Atanitazama, wateja watageuka, na mama mdogo atakuwa amesimama kando yangu akisubiri nifungue mdomo.

Je, nitasema, au nitacheka tena?