Vikombe Vitatu vya Sukari

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Nauliza kwa sababu tulilelewa kusalimia kwanza, lakini leo salamu zenyewe zimenitoka kwa shida. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio unachemka.

Jumamosi wakwe walikuja kuiona nyumba yetu mpya. Nikasema niwaokee keki ya mama, hiyo hiyo mnayouza hapo dirishani na watu wanaiagiza wiki nzima kabla. Nilifuata daftari langu neno kwa neno: unga vikombe vitatu, sukari vikombe vitatu, siagi, mayai sita. Mama mwenyewe alinitajia Desemba, nawe ulikuwa hapo unaosha masufuria. Keki ikapanda, ikaungua juu, halafu ikabonyea katikati. Ndani mbichi, tamu mpaka meno yanauma. Mama mkwe akasema, "Kumbe kwenu keki hunywewa." Wakacheka wote, mume wangu akiwemo.

Sasa niambie. Yenu haibonyei. Kwa hiyo kuna vipimo vya mtoto aliyebaki nyumbani na vipimo vya mtoto aliyeolewa mbali. Nataka kujua ni wewe uliyenificha au ni mama. Kama ni mama, sema tu, nijue nafasi yangu kwake.

Dada yako

1 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, anakohoa kidogo asubuhi. Nimekaa na barua yako wiki tatu kwa sababu kila jibu nililolianza liliishia kwenye matusi.

Mama hakukudanganya. Alikutajia vile anavyopima. Ile homa ya mwaka juzi ilimwondolea ladha. Hasikii utamu wala chumvi, na anasema sukari ya siku hizi haina nguvu. Basi anaongeza. Akitoka kwenda kuhudumia wateja, mimi naongeza unga vikombe viwili na yai, nalegeza na maziwa mpaka rojo lianguke kwenye mwiko taratibu bila kukatika. Miaka miwili sasa. Siku ile ya daftari nilifanya hivyo ulipokwenda kuoga, mama akiwa dirishani. Ningesema nini, na mama amekaa kwenye stuli yake anafurahi kwamba binti yake mkubwa anaandika kila analotamka?

Wewe unakuja siku nne kwa mwaka, unakula, unaandika, unaondoka. Hukuona hata kwamba chai yake anaitia vijiko sita. Halafu unaniuliza nani anapendwa.

Mama hajui ninachofanya, na asijue. Tangu baba atutoke, mkono wake jikoni ndio kitu pekee anachojivunia. Ukimwambia, sitakusamehe.

Weka unga vikombe vitano.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mama hajambo. Leo sisemi kwa mazoea.

Barua yako nimeipata jana, na umechelewa. Ulivyonyamaza niliona umenidharau, nikamwandikia mama mwenyewe. Nilimweleza yote, keki na vicheko vyao, nikamwuliza nimemkosea nini hata anipe vipimo vya kuniaibisha. Niliituma tarehe ishirini na sita. Kama haijafika, izuie.

Lakini usinibebeshe mzigo huu peke yangu. Miaka miwili umemfanya mama mtoto, na mimi umenifanya mgeni. Mama yangu hasikii ladha na mimi sijui? Nani alikupa ruhusa ya kuamua nani ajue? Nina hasira nawe mpaka usingizi sipati. Nijibu upesi.

Dada yako

3 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako kwa mama ilifika siku moja baada ya mimi kutuma yangu. Mama aliisomea dirishani, wateja wamesimama. Akaikunja, akauza vipande vilivyobaki, akafunga dirisha, ndipo akaniita. "Nikitoka jikoni, huwa unafanya nini?" Nikamwambia. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akasema, "Kwa hiyo watu walikuwa wanasifu mkono wako." Akaenda kulala, na ilikuwa saa nane mchana.

Wiki nne hakuoka. Nami sikukuandikia kwa sababu maneno niliyokuwa nayo moyoni hayaandikwi kwa dada. Bado nina hasira. Wewe pia unayo, na kwa kukuficha nakiri nilikosea. Usimwandikie tena. Njoo mwenyewe.

Jana asubuhi nilimkuta jikoni kabla yangu. Alikuwa ameshapima unga vikombe vitatu, amemimina kikombe kimoja cha sukari, cha pili amekishika mkononi. Unamjua mama. Jikoni mwake hajawahi kumwuliza mtu kitu, hata bibi alipokuwa hai. Akanitazama, akasema, "Inatosha?"

Nikamwambia bado, ongeza robo tatu. Akaongeza robo tatu, akaweka kikombe chini, akangoja nimwambie linalofuata.

Mdogo wako