Mama wa Bidoni Hana Pa Kushukia

Salamabila, Kabambare
Tarehe 14 Mei 2023

Mpendwa mdogo wangu Chadrack,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Je, u mzima? Kile kikohozi chako kimepoa, au vumbi la Kampala bado linakusumbua? Na masomo? Sisi huku tunaendelea, Mungu anatusaidia. Watoto wangu walishikwa na homa, sasa wanakula na kugombana kama kawaida. Shemeji yako Gaston hajambo. Mvua imezidi, na njia ya Wamaza imekuwa matope matupu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu sauti nilizokutumia kwenye simu hukusikiliza hata moja. Ninaziona, zimekaa palepale. Napanda mlimani kutafuta rezo ya simu, nashuka na hasira zangu. Basi barua hii nimempa Iliasi, yule mfanyabiashara wa vitenge anayekuja huko kununua mali. Nimemwambia asiondoke mbele yako kabla hujaifungua.

Nimeshakusalimia vizuri kama tulivyofunzwa. Sasa nitasema.

Ulipoanza kutengeneza huo mchezo wa kupigana na wenzako wa chuo, uliniomba nikukusanyie hadithi ambazo watu wa huku wanasimuliana, za njiani, za machimboni na za mtoni. Ulisema kila hadithi itatoa mpiganaji mmoja mwenye nguvu yake. Nilifurahi sana. Unajua kazi yangu ni kuchaji simu za watu hapa sokoni. Wachimbaji wanakaa kwenye benchi langu kusubiri, na wakikaa wanasimulia. Nilisikiliza, nikawaza kila mmoja angepiganaje, nikakutumia. Ukanijibu asante dada, nzuri sana, halafu ukafanya ya kwako.

Chukua Mtu wa Shimoni. Yule ni mchimbaji aliyebaki chini shimo lilipobomoka, na sasa anawaita walio juu kwa sauti ya rafiki zao. Ukiitika, umekwisha. Nilikwambia nguvu yake ni kuita tu. Akiita, mpinzani akibonyeza chochote, ardhi inammeza. Anayetaka kupona lazima aondoe vidole kwenye simu na avumilie mpaka sauti inyamaze. Hebu wafikirie hawa vijana wa huku, wasiojua kutulia, wakijaribu kukaa bila kugusa kitu. Ingekuwa raha kuwatazama. Wewe umempa nyundo. Nyundo, Chadrack, tena inatoa moto.

Na Mvuvi wa Nyangwe, ambaye mtumbwi wake unavuka Lualaba bila mtu kupiga kasia? Nilikuandikia kwamba hampigi mtu. Anatembea tu, na kila anapokanyaga panabaki maji, mpaka mwenzake hana pakavu pa kusimama. Nimemwona kwenye simu ya mteja mmoja. Anatema moto. Mtu wa maji anatema moto. Nilisonya mpaka mwenye simu akadhani nimemharibia betri.

Hayo ningeyameza. Hasira yangu hasa ni ya Mama wa Bidoni.

Hadithi yake unaijua tangu utotoni, kuanzia Kasongo mpaka huku hakuna asiyeijua. Mama anasimama kando ya njia na bidoni lake, dumu la mawese, anasimamisha piki-piki, anapanda. Mwanzoni ni mwepesi. Kadiri mnavyokwenda anazidi kuwa mzito, mpaka injini inazimika na mwendeshaji anaruka chini na kukimbia. Nilikwambia nguvu yake iwe hiyohiyo, ampande mpinzani mgongoni na uzito uongezeke kila hatua. Kwa huyu ulinisikiliza. Umemfanya vizuri kabisa, na ndiyo maana balaa limekuwa kubwa.

Umempa uso wa mama mdogo Waridi.

Ni yeye mwenyewe, pengo la mbele, mguu wa kushoto anaouburuta, mpaka kile kitenge cha kijani chenye ndege ulichomtumia mwaka jana. Na yeye kweli anauza mawese, na kweli anasimama njiani na bidoni. Najua kwa nini ulifanya. Ndiye aliyekulea baada ya mama yetu kufariki, ukataka kumweka mahali pa kuonekana. Huko Kampala wataona ni heshima. Huku, ukimpa mtu aliye hai sura ya hadithi kama ile, umemnyooshea kidole cha uchawi mbele ya watu wote. Umekulia hapa. Hilo nalo nikufundishe mimi?

Ulimtumia Joël mchezo ili aujaribu tu. Rafiki yako anaendesha piki-piki, ana marafiki wengi kama yeye, na simu zao zinapeana vitu hata bila rezo. Sasa uko kwenye kila simu ya kituo cha piki-piki. Wanaucheza hapa kwangu, simu zikiwa bado kwenye waya, na mimi nauona uso wa mama mdogo ukimrukia mtu mgongoni.

Mwanzoni walicheka, na mama mdogo naye akacheka nao. Kisha mmoja wao alianguka kwenye daraja la miti, upande wa kwenda Wamaza. Aliangushwa na matope, hata mtoto anajua. Lakini alipofika hapa alisema piki-piki ilikuwa nzito ghafla, na kwamba kabla ya hapo alimpita mama Waridi njiani. Ikatosha. Tangu siku hiyo hawasimami. Mmoja alimwambia usoni, mimi nikisikia: "Mama, unisamehe. Miye niko na watoto. Panda ya mwingine." Na huyo mwingine alikuwa ameshawasha na kuondoka.

Kwa hiyo anakuja kwa miguu kutoka Wamaza, Chadrack, bidoni kichwani, na mguu ule. Anafika wanunuzi wamekwisha kutawanyika. Wanawake wa safu ya mawese wamesogeza beseni zao mbali na yake. Gaston alikwenda kuzungumza na wakubwa wa kituo, wakamjibu kwamba hawana ubaya na mama, ila hawajui. Hawajui nini? Mwaka jana, kijiji kimoja si mbali na hapa, walimbomolea mama mzee nyumba kwa maneno madogo kuliko haya. Naogopa, mdogo wangu. Usiku silali vizuri kwa ajili ya mchezo wa simu.

Nilikuwa nimekusudia barua hii iwe na neno moja tu, utoe uso. Lakini yametokea mengine, na yamenivuruga zaidi.

Siku ya soko mama mdogo alikuja kwangu, akatua bidoni, akaketi kwenye benchi karibu na Joël. Akamwambia, "Nionyeshe." Joël hakuwa na pa kujificha. Alicheza kichwa chini. Mama akajitazama akimpanda mtu, akiwa mzito, yule mtu akimtupa, akimpanda tena. Akaomba kuona mara nyingine. Mimi nilikuwa nangoja alie.

Akauliza, "Na huyu mama, anaenda wapi?"

"Haendi, mama," Joël akasema. "Anapiganaka tu."

"Mutu hasimamishe piki-piki kama hana kwenye anaenda. Huyu mama iko na nyumba yake. Kila mutu anamutupa njiani. Hata miye ningekuwa muzito."

Wewe unakumbuka desturi yetu. Abiria hashuki hivihivi. Anaweka kiganja kwenye tangi la piki-piki, anasema aksanti, urudi muzuri, na mwendeshaji haondoki kabla hajaambiwa. Nimesimulia hadithi hii maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza kwa nini hakuna aliyesikia yule mama akiaga. Ni kwa sababu hakuna aliyemfikisha.

Basi mama mdogo amekutumia nguvu yake, na nakuandikia kama alivyosema: "Chadrack aongeze njia na nyumba. Mutu mwenye atamuvumilia mupaka mwisho, mama ashuke, aweke mukono, aseme aksanti. Ule ndiye ameshinda. Mwenye kumutupa ameshindwa." Nimeiwaza hiyo nguvu siku nzima na sijapata ya kuizidi. Inaniudhi kwamba haikutoka kwangu.

Nikamwambia, mama, la muhimu ni Chadrack autoe uso wako mle. Akakataa. "Asiutoe. Akiutoa, watasema hata mutoto wangu ameniogopa."

Sasa mimi nifanye nini na ninyi wawili? Mmoja hasikilizi simu, mwingine hasikilizi mtu. Bado ningekuambia utoe uso, maana ni mimi ninayemwona akiingia sokoni amelowa matope mpaka magotini. Lakini uso ni wake, na neno lake ni hilo. Fanya njia, fanya nyumba, fanya upesi, mtumie Joël ausambaze kama alivyosambaza ule wa kwanza. Nyundo na moto wako vitangoja.

Joël, nimpe haki yake, aliinuka pale pale akafunga lile bidoni kwenye piki-piki yake, akampandisha mama mchana mweupe, akapita naye katikati ya soko polepole ili wote waone, mpaka nyumbani kwake Wamaza. Aliporudi alitangaza kituoni kwamba piki-piki ilikuwa nyepesi. Wawili walicheka, wengine wakatazama pembeni. Mpaka leo ni yeye peke yake anayembeba, na siku asipokuwapo mama anatembea. Aliniambia kwamba walipofika, mama aliweka kiganja kwenye tangi na hakukiondoa haraka.

Gaston anakusalimu sana, na watoto wanauliza utakuja lini. Uwasalimie wenzako wa chuo, hata yeyote aliyependa ile nyundo. Mama mdogo Waridi anakusalimu kuliko wote. Juu ya mchezo hakuongeza neno, ila wakati nafunga barua aliniuliza kama huko Kampala watu wanaupenda uso wake. Mjibu wewe, na umjibu kwa sauti yako mwenyewe.

Mungu akupe wa kukubeba huko uliko, na akufikishe mpaka mlangoni.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Clémentine